Adriano Atiman, Katekista na Mganga

Katika kurasa zilizotangulia tumesoma habari za maaskofu na mapadre. Yatupasa sasa kumkumbuka mtu asiyekuwa askofu wala padre, bali katekista kama sisi. Jina lake hutajwa hapa Sumbawanga na wagonjwa waendao hospitali ya Dr. Atiman, ingawa wengi wao hawajui alikuwa nani.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka wa 1866 huko Tundurma, karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa bado mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi. Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walimkomboa katika nchi ya Algeria, wakamtia shuleni.

Siku zile Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lililokuwa geni kwa wengi. Aliona ya kuwa mwalimu huweza kukataliwa mlangoni, lakini mganga hukaribishwa. Basi akataka vijana Waafrika waliotolewa utumwani wafundishwe udaktari, tena wasizoezwe maisha ya Kizungu, ili warudipo waweze kukaa na watu na kula chakula chao. Mwaka wa 1881 akawafungulia nyumba katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa mmoja wao. Masomo yenyewe waliyapata katika Chuo Kikuu cha kisiwa kile.

Chuo hicho nacho kilianzishwa na wageni. Mapadre Wajesuiti walifungua koleji huko mwaka wa 1592. Mwaka wa 1676 Nicolas Cotoner, Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane lililotawala kisiwa, akaanzisha mafundisho ya mwili wa mtu na upasuaji katika hospitali yao. Wajesuiti walipofukuzwa, Mkuu mwingine, Mreno aitwaye Pinto, akaifanya koleji kuwa chuo kikuu mwaka wa 1769. Napoleon alipotwaa Malta mwaka wa 1798 akakifuta. Waingereza walipoingia, kikarudishwa. Katika chuo cha namna hiyo aliketi kijana aliyepata kupimwa bei sokoni.

Mwaka wa 1888 alifuatana na Askofu Bridoux kuja Tanganyika, na mwaka wa 1889 wakafika Karema, mahali palipokuwa na ngome ya Wabelgiji waliyoiacha mikononi mwa misioni mwaka wa 1885. Askofu hakumaliza miaka miwili, akafa. Atiman akabaki. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende, na mtoto wao Yosefu akapewa upadre mwaka wa 1923.

Sisi tuliozaliwa katika baridi ya Ufipa twajua jinsi joto na homa za ufuko wa ziwa zinavyomlegeza mtu. Yeye alikaa huko miaka 67, akitibu asubuhi na kufundisha dini, hata nywele zikawa nyeupe. Wamisionari wangapi walikuja wakiwa vijana wenye nguvu, akawauguza, kisha akawasindikiza makaburini!

Jambo moja latusikitisha, nasi twalisema kwa heshima. Nyumba ya Malta haikudumu miaka mingi, na hapa kwetu hapakujengwa upesi chuo cha kuwafundisha wengine yale aliyoyajua yeye. Padre Mwafrika aliandaliwa seminari. Daktari Mwafrika alingojea sana. Kwa hiyo elimu ile yote ya Malta ilikaa katika mikono miwili ya mtu mmoja, nayo mikono ilikuwa ikizeeka.

Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikapigwa chapa mwaka wa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Tangu mwaka wa 2000 Karema imo katika jimbo la Mpanda, wala si letu tena. Lakini jina lake limebaki kwetu, mlangoni pa wagonjwa.