Bwana wa Vijinzi vya Ndizi Mbivu

Anywaye chai asubuhi kwa mahamri na mbaazi ni nadra kujiuliza mchai umezaliwaje. Nami sikuwahi kujiuliza mpaka nilipokwenda Litein, kwenye vilima vya chai vya Kericho, kumzuru binamu yangu mwenye duka huko. Jirani yake, mzee wa Kikipsigi, alinitembeza shambani mwake. Upande mmoja michai ilikuwa sawasawa, kama iliyotoka katika kalibu moja. Upande wa pili kila mchai ulikuwa na sura yake: huu jani pana, ule jani jembamba, huu umechipua mapema, ule bado. Mzee alinieleza kuwa ile ya kwanza ni kloni, iliyopandwa kwa vipande vya matawi ya mchai mmoja. Ya pili ni chai ya mbegu, aliyoachiwa na marehemu babake. Wanawe wataka ing'olewe, kwani kloni ina mavuno mengi zaidi. Moyo wake ulikuwa ukisita, lakini hakuwa na hoja ya kuwajibu.

Hoja hiyo, ndugu msomaji, yapatikana katika maisha ya mtu aliyejipatia jina kwa kufuga vijinzi.

Thomas Hunt Morgan alizaliwa tarehe 25 Septemba, 1866, mjini Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Ami yake alikuwa jemadari aliyevuma upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijana Thomas hakuvutwa na upanga. Yeye alipenda kuokota mayai ya ndege na mawe yenye alama za viumbe wa kale. Mwaka 1890 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1904 alimwoa Lilian Sampson, naye mtaalamu wa viumbe, na mwaka huohuo akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Morgan alikuwa mbishi. Hakuridhika na mafundisho ya Mendel juu ya urithi, wala hakukubali kwamba kromosomu, yaani vijiuzi vilivyomo ndani ya chembe za mwili, ndizo zinazobeba sifa za wazazi. Hata Darwin alimtilia shaka. Akaanza kufuga, ndani ya chupa za maziwa, vile vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu, kwa kuwa huzaana upesi. Mwaka 1910 akaona dume mmoja mwenye macho meupe kati ya wenziwe wenye macho mekundu. Akamzalisha. Watoto wakawa na macho mekundu, lakini katika wajukuu macho meupe yakarudi, tena kwa madume peke yao. Ikadhihirika kwamba sifa ile yabebwa na kromosomu ya jinsia. Mbishi akasadiki, wala hakuona haya kuyaacha aliyokuwa akiyashikilia.

Hapo likazuka fumbo jengine. Sifa zilizo katika kromosomu moja zingepaswa kurithiwa pamoja siku zote. Mbona mara nyengine zaachana? Morgan alishika wazo la Mbelgiji Janssens, aliyeandika mwaka 1909 juu ya kromosomu zinavyopishana. Tuseme una nyuzi mbili za shanga, mmoja ulitoka kwa babako na mmoja kwa mamako. Kabla ya mbegu ya uzazi kufanyika, nyuzi hulala ubavu kwa ubavu, zikakatika mahali pamoja, zikabadilishana vipande. Uzi utakaompa mwanao si wa babu yake mtupu wala wa nyanya yake mtupu. Sturtevant, angali mwanafunzi wa Morgan, akatambua kwamba shanga zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi kuliko zilizo jirani, na mwaka 1913 akachapisha ramani ya kwanza ya jeni. Kipimo cha ramani hizo chaitwa sentimogani, kwa heshima ya mwalimu wake.

Mwanafunzi mwengine, Muller, alieleza mwaka 1932 faida ya jambo hili kwa jamii nzima ya viumbe. Pasipo kuchanganyika, sifa njema iliyozuka katika ukoo huu na nyengine iliyozuka katika ukoo ule hazikutani kamwe. Hushindana, moja ikapotea. Penye kuchanganyika, hukutana katika mtoto mmoja, na sifa njema huweza kutengana na ile mbaya iliyofungwa nayo. Kwa hiyo jamii hugeuka upesi zaidi mazingira yakibadilika.

Mwaka 1933 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Fedha zake alizigawa: sehemu kwa watoto wake, sehemu kwa watoto wa Sturtevant na Bridges, wanafunzi wake waliotoka jasho pamoja naye. Alifariki tarehe 4 Desemba, 1945, huko Pasadena, California.

Sasa turudi Litein. Ua la mchai kwa kawaida halishiki mbegu kwa chavua yake lenyewe, hivyo karibu kila mbegu ni mchanganyiko wa michai miwili. Kloni haichanganyiki, ni kama mtende uliopandwa kwa chipukizi la mamaye, tende zake ni zilezile. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo hatari yake, maana ukame au ugonjwa uuwezao mchai mmoja wauweza mlima mzima. Na kloni njema ya kesho itachaguliwa wapi, kama si katika michai iliyochanganya damu?

Nilimweleza mzee haya kadiri nilivyoweza, tumeketi juu ya magunia dukani kwa binamu. Hakusema neno kwa muda. Asubuhi ya pili nilimkuta na wanawe shambani wakikubaliana mpaka: chini waweke kloni, na ile mistari mitatu iliyo karibu na mto iachwe kama alivyoipanda babu yao.