Raiffeisen na Dhamana ya Jirani

Walimu wengi nchini Kenya ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Hata hivyo, ni wachache wanaomfahamu Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani ambaye fikra zake zimechangia pakubwa msingi wa vyama hivyo. Maisha yake yanaonyesha jinsi uadilifu unavyoweza kujengwa ndani ya taratibu za fedha zenyewe.

Raiffeisen alizaliwa mwaka 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg. Aliingia jeshini angali kijana, lakini maradhi ya macho yalimlazimu kuacha kazi hiyo mwaka 1843. Miaka miwili baadaye akawa meya wa Weyerbusch. Majira ya baridi ya 1846 na 1847 yalileta njaa kali. Serikali ilipeleka nafaka, kwa sharti kwamba iuzwe kwa fedha taslimu. Raiffeisen alitambua kuwa mwenye njaa hana taslimu. Aliwashawishi wenye uwezo wachange, akajenga tanuri la mikate, na maskini wakapewa mikate kwa mkopo.

Mwaka 1849, huko Flammersfeld, alikabiliana na wakopeshaji wa riba. Mkulima aliyekopa ng'ombe kwao aghalabu alimpoteza ng'ombe huyo na shamba pia. Raiffeisen aliunda chama ambamo matajiri walidhamini ununuzi wa mifugo, naye mkulima akalipa kidogo kidogo.

Alianzisha chama kingine Heddesdorf mwaka 1854, na hapo ndipo kasoro ya mpango wake ilipodhihirika. Hisani ya matajiri ilififia kadiri miaka ilivyopita. Kwa hivyo, mwaka 1864 aliugeuza mpango wote: wakopaji wenyewe wawe ndio wanachama, na kila mmoja adhamini madeni ya chama kwa mali yake yote. Chama kilibaki katika eneo dogo ambamo watu walijuana. Wajumbe wa kamati hawakulipwa mshahara, na ziada iliwekwa katika mfuko usiogawanywa. Aliyeidhinisha mkopo alijua kwamba akimpendelea rafiki asiyelipa, shamba lake mwenyewe limo hatarini.

Akiwa karibu kupofuka, Raiffeisen alistaafu mwaka 1865. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kueleza utaratibu huo, nao ukaenea nchi nyingi kabla na baada ya kifo chake mwaka 1888.

Vyama vyetu vikubwa leo vina maelfu ya wanachama wasiojuana, na hapana anayetarajia mwalimu aweke rehani shamba lake kwa deni la mtu asiyemjua. Sheria ya mwaka 2008 imeleta usimamizi na ukaguzi mahali pa macho ya majirani. Lakini mkaguzi hufika baada ya mkopo kutolewa. Kwa hivyo, mwanachama anapohudhuria mkutano mkuu wa mwaka, asiishie kuuliza gawio ni kiasi gani. Aulize pia: aliyetia sahihi mkopo usiolipika, yeye mwenyewe amepoteza nini?