Marijani Rajab

Marijani Rajab (3 Machi 1955 – 23 Machi 1995) alikuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki wa dansi kutoka Tanzania. Alijulikana pia kwa majina ya Doza na Jabali la Muziki. Alianza kuvuma akiwa na bendi ya Safari Trippers katika miaka ya mwanzo ya 1970, na tangu mwaka 1977 alikuwa mwimbaji mkuu wa Dar International. Nyimbo zake bado zinapigwa redioni, harusini na kwenye mabasi, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki huziimba kwa moyo. Hata hivyo sauti hiyo iliyosikika nchi nzima haikumletea riziki ya kumtosha, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya dhiki.

Utoto na ujana

Alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam. Kama watoto wengi wa Kiislamu wa mtaa huo alisoma madrasa na shule ya kawaida kwa pamoja. Wapo wanaodhani kwamba matamshi yake safi, ambayo hayamezi hata silabi moja, yalianzia kwenye kisomo cha madrasa. Ni dhana yenye mantiki, kwa kuwa msikilizaji wa Marijani hahitaji kuuliza neno gani limeimbwa.

Katika ujana wake aliwapenda waimbaji wa Kongo Tabu Ley na Sam Mangwana, pamoja na Sory Kandia Kouyaté wa Guinea. Lakini Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na upepo mwingine pia. Vijana wa mjini walicheza muziki wa soul kutoka Marekani, na James Brown alikuwa na wafuasi wengi. Bendi za vijana zilianzishwa kuiga muziki huo, zikiwa na magitaa ya umeme na mavazi ya kisasa. Viongozi hawakupendezwa. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na mwezi Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam. Marijani alikuwa na umri wa miaka 14.

Marufuku hiyo haikuua hamu ya vijana ya kusikia mtu akiimba kwa upole juu ya mapenzi na maumivu yake. Hamu hiyo ilihamia kwenye nyimbo za Kiswahili, na kizazi cha Marijani ndicho kilichoitumikia.

STC Jazz na Safari Trippers

Bendi yake ya kwanza kubwa ilikuwa STC Jazz, iliyoongozwa na mpiga gitaa Raphael Sabuni. Bendi hiyo hapo awali iliitwa The Jets, na ilibadili jina ilipochukuliwa na Shirika la Biashara la Taifa. Ilikuwa kawaida wakati huo kwa mashirika ya umma, jeshi, polisi na jumuiya za chama kumiliki bendi. Mwanamuziki alipata mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyeacha kazi aliondoka na sauti yake tu.

Mwaka 1972 alijiunga na Trippers ya David Mussa, iliyopata kujulikana kama Safari Trippers. Hapo ndipo jina lake liliposambaa. Wimbo wa Georgina ulikuwa miongoni mwa vipenzi vya vijana wa wakati huo. Rosa Nenda Shule ulikwenda kinyume na mazoea ya nyimbo za mapenzi: badala ya kumvuta msichana, mwimbaji anamtaka arudi darasani. Wimbo huo ulifaa siasa ya wakati wake, lakini haukudumu kwa sababu hiyo. Unadumu kwa kuwa anayeonya hafoki, anabembeleza. Walimu na wazazi waliupenda, na hata akina Rosa wenyewe waliucheza.

Bendi hiyo ilisambaratika katikati ya miaka ya 1970.

Dar International

Mwaka 1977 Marijani alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dar International. Kikosi cha kwanza kilikuwa cha mabingwa watupu: mpiga gitaa Abel Balthazar, King Michael Enoch, Joseph Mulenga na mwimbaji Cosmas Chidumule. Mwaka uliofuata wote hao wanne waliondoka na kuwa sehemu ya bendi mpya ya Mlimani Park, ambayo baadaye ilikuwa moja ya bendi kubwa kuliko zote nchini. Bendi nyingine ingekufa kwa pigo hilo. Marijani alibaki, akakusanya wapigaji wengine, na nyimbo zinazokumbukwa zaidi za Dar International ni za kipindi hiki. Mtindo wa bendi uliitwa Super Bomboka.

Zuwena, Mwanameka na Masudi Jizi ni za wakati huo. Karibu kila wimbo umejengwa juu ya mtu mmoja mwenye jina lake na mkasa wake. Masudi ni mwizi, na kisa chake kinasimuliwa kama mtaa unavyosimulia habari za mtu unayemfahamu. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa wimbo unaofanya kazi ya hadithi fupi atanufaika kwa kusikiliza nyimbo hizi: mhusika anatajwa, tatizo linaelezwa, na kiitikio kinarudi kama majirani wanaotoa maoni yao.

Uimbaji wake haukutegemea nguvu. Alikaa kwenye sauti ya kati, akaiachia polepole mwishoni mwa mstari, na mara nyingi aliacha gitaa lijibu kabla ya kuendelea. Jina la Jabali, kwa hiyo, linaweza kumshangaza anayemsikia mara ya kwanza, maana jabali ni mwamba mkubwa na sauti hii ni laini. Jina hilo lilihusu hadhi yake katika muziki, si ukali wa sauti.

Redio, santuri na mpaka uliofungwa

Ili kuelewa kwa nini mwimbaji maarufu namna hii hakutajirika, ni lazima kuangalia nyimbo zilivyorekodiwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilizotaka kutoa santuri katika miaka ya mwanzo ya 1970 zilitegemea studio na viwanda vya Nairobi, na santuri zilirudi kuuzwa nchini. Mji wa Moshi ulikuwa mahali pazuri kwa biashara hiyo, kwa kuwa Nairobi ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na mpaka wa Holili na Taveta uko mashariki ya mji.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Huo ndio mwaka Dar International ilipoanza kazi, na kwa takriban miaka saba ya ubora wa Marijani njia ya kwenda Nairobi ilikuwa ngumu au haipo kabisa.

Iliyobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikwenda studio, mashairi yakakaguliwa, wimbo ukapigwa na watu wote kwa wakati mmoja na kuhifadhiwa kwenye utepe. Malipo yalikuwa madogo na ya mara moja, na utepe ukawa wa redio. Kwa upande wa wasikilizaji mpango huu ulikuwa neema. Mtu wa Marangu, Machame au Kibosho, mbali na kumbi za Dar es Salaam, alihitaji redio na betri tu (ingawa betri nazo ziliadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980) ili amfahamu Marijani kama anavyofahamika Kariakoo. Kwa upande wa mwimbaji, kadiri wimbo ulivyopigwa ndivyo jina lilivyokua, lakini kipato kilibaki palepale.

Kisha zikaja kaseti. Vibanda vya kurekodia vilienea mijini, vikinakili nyimbo kutoka redioni na kuuza. Hakuna senti iliyomfikia mtunzi. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya kifo chake.

Miaka ya mwisho

Dar International ilidhoofika katikati ya miaka ya 1980. Marijani alipita katika bendi nyingine, zikiwemo Mwenge Jazz, bendi ya jeshi, na Kurugenzi ya Arusha, lakini hakuna iliyomrudisha mahali alipokuwa. Kumbi zilikuwa na ushindani wa disko, vyombo vilikuwa ghali, na mwimbaji asiye na gitaa lake mwenyewe alimtegemea mwenye bendi kwa kila kitu.

Mwishoni alikuwa akiuza kanda za nyimbo zake mwenyewe huko Kariakoo. Jambo hili husimuliwa mara nyingi kama kisa cha kusikitisha, na ni kweli linasikitisha, lakini lina upande mwingine: alikuwa anafanya kile ambacho vibanda vilifanya kwa miaka mingi kwa kazi yake, na angalau safari hii fedha ziliingia mfukoni mwake. Alifariki tarehe 23 Machi 1995, siku ishirini baada ya kutimiza miaka 40. Kati ya wenzake wa zama hizo, Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, na Hemedi Maneti wa Vijana Jazz mwaka 1990.

Baada ya kifo

Redio binafsi zilianza nchini mwaka 1994, na vipindi vya nyimbo za zamani, zile zinazoitwa zilizopendwa, vikapata nafasi kubwa. Marijani hakuwahi kufaidi wimbi hilo. Bendi za hotelini na harusini huziimba nyimbo zake hadi leo, na mwimbaji kijana anayetaka kuonyesha kwamba anaweza kuimba bila kupiga kelele mara nyingi huchagua Zuwena.

Tepu za asili zilibaki katika maktaba ya redio ya taifa, ambayo tangu mwaka 2008 iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Nyingi ya nakala zinazosikika kwenye intaneti zimetokana na kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na ndiyo sababu magitaa husikika kama yako chumba cha pili. Anayetafuta rekodi zake anapaswa pia kujua kwamba santuri za wakati huo kwa kawaida ziliuzwa kwa jina la bendi. Kazi zake za mwanzo hupatikana chini ya Safari Trippers, na nyingi za baadaye chini ya Dar International, wakati mwingine bila jina lake kutajwa mahali popote.