MAFURIKO YAKIJA, UTASIMAMA WAPI?

Uwe umepewa karatasi hii hapa uwanjani au umeiokota njiani, usiitupe. Isome mpaka mwisho. Huenda leo ni siku yako.

Wewe wa Lumemo unaujua mto wetu. Kiangazi ni mpole. Masika ukichachamaa unaingia mitaani bila hodi. Nyumba ya udongo isiyo na msingi inaanza kulowa chini, watu wakiwa bado wamelala ndani, na asubuhi ni lundo la tope.

Maisha nayo ni hivyo hivyo. Bonde la Kilombero limebadilika sana. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta watu wa kila kabila. Wazee wetu walivuka mto Kilombero kwa mitumbwi na kivuko, lakini mwaka 2018 daraja likafunguliwa. Babu alishika mila, baba akahamia kijiji cha ujamaa, na wewe umeshika simu. Kijiweni huyu anakwambia beti utoke kimaisha, yule anakwambia vuta kidogo upate stimu, mwingine anakwambia kamwone mganga. Leo uko huku, kesho uko kule. Je, ni kipi kitakachokushika maji yakija?

Nikusimulie habari za kijana mmoja Mwafrika aliyeishi zamani, katika mageuzi makubwa kuliko haya yetu.

KIJANA ALIYEPEPERUSHWA

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la mtoto pacha. Alipokuwa kijana, nchi yake ilichafuka. Wageni waliingia na dini mpya. Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi kati ya 1885 na 1887. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe akapinduliwa, vikazuka vita vya dini na vya madaraka. Leo huyu anatawala, kesho amekimbia.

Waswa naye alikwenda na upepo. Alishika bunduki upande wa Waislamu, baadaye akahamia upande wa Wakristo. Akavuta bangi. Alikuwa amewahi kusikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, lakini neno lilikuwa halijashuka moyoni. Jamani, kuwa upande wa Wakristo siyo kuokoka! Unaweza kubadilisha kundi mara kumi na moyo ukabaki ule ule.

Ndipo Yesu akamkamata. Mwaka 1895, akiwa na miaka kama thelathini, alibatizwa akaitwa Apolo. Watu wakamwongezea jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya nguo za Kizungu alizopenda kuvaa. Mke wake alikuwa amefariki. Apolo hakuoa tena. Maisha yake yote akampa Bwana.

MBOGA: JEMBE NA MINYORORO

Huko ng'ambo ya milima ya Rwenzori, upande wa Kongo, kulikuwa na mahali panapoitwa Mboga. Walimu wawili walitangulia kwenda huko, lakini chifu Tabaro aliwanyima chakula mpaka wakaondoka kwa njaa. Nani angekubali kwenda tena? Apolo akasema atakwenda yeye. Akajinunulia jembe, ili alime na kula jasho lake mwenyewe. Mwaka 1896 akavuka mto Semliki, akafika. Ndugu yangu unayelima mpunga, ona hapo: mtu wa Mungu haoni aibu kushika jembe.

Watu wakaanza kuokoka, na vita vikaanza. Apolo alipigwa, kanisa likachomwa moto. Kisha dada yake chifu akaanguka juu ya mkuki, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba ameua! Akafungwa, akapelekwa Toro gerezani. Hakuwa na ndugu wala fedha, na kesi ilikuwa nzito.

Lakini katika siku hizo za mateso Yesu alimtokea, aking'aa kama jua, akamwambia asiogope. Haleluya! Tangu hapo Apolo hakuyumba tena. Alipoachiliwa hakurudi kwao Buganda kupumzika. Alirudi kule kule Mboga, kwa chifu yule yule. Na Tabaro, aliyekuwa adui, akampokea Yesu, akabatizwa jina la Paulo. Nani awezaye kumshinda Mungu wetu?

MIPAKA ILIBADILIKA, YEYE ALIBAKI

Mwaka 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na 1903 kuwa kasisi. Akahudumu Toro miaka mingi. Wakati huo Wazungu walikuwa wakigawana ardhi, na Mboga, iliyokuwa chini ya Waingereza, ikaangukia upande wa Wabelgiji. Serikali nyingine, sheria nyingine. Apolo akarudi huko huko. Kuanzia 1921 akaingia katika msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, watu wafupi wa msituni waliodharauliwa na wengi. Yeye alikaa nao kama ndugu, akawahubiria.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, ili hata akiwa kaburini aonyeshe kwamba kazi ya Injili iendelee mbele. Nayo ikaendelea: mwaka 1972 Mboga, ambayo leo huitwa Boga, ikawa makao ya dayosisi.

NA WEWE JE?

Wafalme aliowajua Apolo walipinduliwa. Majeshi aliyopigania yamesahaulika. Mipaka ilichorwa upya. Mwamba aliousimamia haukusogea. Mwamba huo ni Yesu, yeye yule jana, leo na hata milele (Waebrania 13:8). Soma Mathayo 7:24-27 uone nyumba mbili: mvua ni ile ile, mafuriko ni yale yale. Kilichotofautiana ni msingi tu.

Sikudanganyi kwamba ukiokoka mto hautafurika. Apolo aliokoka, na bado alipigwa na kufungwa. Ila hakubomoka.

Usiseme utaokoka ukishavuna, au ukishapata kazi. Maji hayangoji. Kama umeamua, omba hivi kwa imani:

Bwana Yesu, nimepeperushwa vya kutosha. Mimi ni mwenye dhambi, nisamehe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu, uwe msingi wa maisha yangu tangu leo. Amina.

Kama umeomba kwa moyo, umeokoka (Warumi 10:9)! Mwone mhudumu aliyekupa karatasi hii akuombee, anza kusoma Injili ya Yohana, na tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwenu. Ukimaliza kusoma, mpe rafiki yako wa kijiweni.