Joseph Fourier, yatima aliyefumbua siri ya mawimbi ya umeme

Kila simu inayochajiwa kwa jenereta huko Swima, teritware ya Fizi, hutegemea rektifaya: kifaa kinachogeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja. Viwandani hutumika rektifaya kubwa za fezi tatu. Tatizo ni kwamba hupotosha mkondo, nao mkondo uliopotoka huchemsha nyaya na transfoma.

Njia ya kuupima upotovu huo ilitoka kwa Joseph Fourier, aliyezaliwa Auxerre, Ufaransa, 21 Machi 1768. Alifiwa na wazazi wote akiwa mtoto. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, alitiwa gerezani.

Mwaka 1807, akichunguza joto, alionyesha kwamba wimbi lenye umbo lolote ni jumla ya mawimbi laini. Mwanahesabu mkubwa Lagrange alimpinga. Fourier hakukata tamaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baadaye. Alifariki Paris, 16 Mei 1830.

Leo hesabu yake huonyesha kwamba rektifaya ya daiodi sita huzaa mawimbi ya 5, 7, 11 na 13. Ili kuyapunguza, mafundi huweka swichi zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, hadi mkondo ukaribie wimbi laini.