MAISHA YA GEORGE WASHINGTON WILLIAMS, ALIYEANDIKA HISTORIA YA WATU WEUSI (1849–1891)



Katika namba hii tunapenda kuwaelezea maisha ya mtu mmoja anayejulikana sana kwa wale wanaosoma historia ya Kongo, lakini sisi katika kalasi tunalipita jina lake mbio mbio. Hakuwa mtu wa inchi yetu. Alikuwa Mmarekani mweusi, askari, kisha pasta, kisha mwandishi wa historia. Alifika hapa Kongo mwaka wa 1890, akatazama kwa macho yake mambo ya Leta ya mfalme Leopold II, akayaandika. Juu ya kuandika vile, alipata taabu mingi.

Tumemchagua yeye kwa sababu moja. Tunasikia mara kwa mara kwamba mwenye kuchunguza ubaguzi wa rangi anasumbuliwa katika kazi yake, hata siku hizi, hata katika maunivasite makubwa. Basi tutazame jinsi ilivyokuwa kwa mmoja wa wale wa kwanza.

UTOTO WAKE NA VITA

George alizaliwa tarehe 16 ya mwezi wa 10, mwaka wa 1849, kule Bedford Springs, katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa watu huru, lakini katika majimbo ya kusini ya Marekani utumwa ulikuwa ungali na nguvu. Mwaka wa 1860 watumwa weusi kule walikuwa karibu milioni 4.

Shule aliipata kidogo sana. Vita kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini ilipokuwa ikiendelea, George alikimbilia jeshi mwaka wa 1864. Alikuwa na miaka 14 tu, kwa hiyo alidanganya umri wake. Kisha vita alikwenda kupigana Mexico, akarudi akaingia tena jeshi la Marekani, kati ya askari weusi wapanda farasi. Mwaka wa 1868 risasi ilimpata katika pafu, akaachishwa kazi ya uaskari. Hakuwa bado na miaka 20.

MASOMO

Wanafunzi wenzetu, sikieni hili. Mwaka wa 1869 George aliandika barua kuomba nafasi katika Univasite ya Howard, kule Washington. Barua ile ingalipo, na imejaa makosa ya kuandika toka mwanzo mupaka mwisho. Mwalimu wetu angeipiga kalamu nyekundu kila mustari! Lakini hakuona haya, akaituma vile vile.

Kule Howard hakukaa sana. Alikwenda kusoma mambo ya Mungu katika shule ya Wabatisti ya Newton, karibu na Boston, na mwaka wa 1874 alipata diploma yake. Njo mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika shule ile. Siku ya kupewa diploma alitoa hotuba, na habari aliyoichagua ilikuwa Ukristo wa zamani katika Afrika. Toka barua ile ya makosa mupaka hotuba hii ilipita miaka 5 tu.

Halafu alikuwa pasta wa kanisa moja la Wabatisti weusi kule Boston, na kisha kule Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Alisoma pia sheria, na mwaka wa 1879 alichaguliwa kuwa deputé katika bunge la Ohio. Mbele yake hapakuwa deputé mweusi katika bunge lile.

KUANDIKA BUKU

Mwaka wa 1876 Marekani ilifanya sikukuu ya miaka 100 ya uhuru. George alialikwa kutoa hotuba juu ya watu weusi katika miaka ile 100. Alipotayarisha hotuba ile aliona kwamba mambo ni mingi sana kuliko alivyofikiri, na kwamba hakuna mtu aliyeyakusanya pamoja. Wazungu wengi wenye elimu walikuwa wakifundisha kwamba mtu mweusi hana historia. George aliona kwamba matusi hayataondoa fundisho lile. Dawa yake ni vyeti na tarehe.

Basi aliacha bunge kisha muda mmoja tu, akajitia katika maktaba za Ohio, za New York na za Washington. Alisoma sheria za zamani za utumwa, magazeti, hesabu za makanisa, na barua za makapiteni wa vita. Aliwaandikia watu barua kuwauliza. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alifungua vitabu zaidi ya 12,000. Buku lake juu ya historia ya watu weusi wa Marekani, toka 1619 mupaka 1880, lilitoka katika mafungu 2, mwaka wa 1882 na 1883, na kurasa zake zinapita 1,000. Kisha alitoa lingine juu ya askari weusi wa vita ile.

Magazeti yalimsifu, mengine yalimkosoa. Lakini sifa hazijazi chungu. Hakuwa na kiti katika univasite, wala hapakuwa na sanduku la feza kwa mtu mweusi anayechunguza mambo ya weusi. Aliishi kwa kutoa hotuba huku na huku, kwa kuandika katika magazeti, na kwa madeni. Hapa inafaa tuseme kweli yote: hakuwa malaika. Madeni mengine hakuyalipa, aliachana na mke wake na mtoto, na alipenda kuitwa Kolonel kuliko ilivyompasa. Kumbukeni mambo haya, yatarudi mbele.

SAFARI YA KONGO

Mwaka wa 1889 George alikwenda Bruxelles, akaonana na mfalme Leopold. Mfalme alimwambia kwamba kazi yake katika Kongo ni ya huruma tu, ya kuondoa utumwa na kuleta elimu. George alimwamini, akamsifu katika gazeti. Akawaza kuwapeleka Kongo vijana weusi wa Marekani wenye ufundi, wakafanye kazi kule.

Alikwenda Virginia, katika shule ya Hampton, kuwatafuta vijana wale. Lakini wanafunzi wa Hampton hawakukubali mbio. Walimuuliza: watu wanaishi namna gani kule? Kazi gani? George hakuweza kuwajibu. Njo pale alipoamua kwenda kuona yeye mwenyewe. Tunawashukuru wale wanafunzi, maana bila maulizo yao labda barua yake isingeandikwa.

Leopold hakupenda safari ile, akajaribu kumzuia. Lakini tajiri mmoja wa reli wa Marekani, Collis Huntington, alimsaidia kwa feza, na mwanzo wa mwaka 1890 George alipanda mashua. Alifika Boma, iliyokuwa makao makuu ya Leta. Toka Matadi alikwenda kwa miguu mupaka Stanley Pool, kwa sababu reli haikuwako bado, kisha akapanda mto mupaka Stanley Falls, pale tunapoita leo Kisangani. Katika njia yote alikuwa akiuliza na kuandika. Aliuliza machifu, askari, wafanya biashara, wamisionari.

BARUA YAKE KWA MFALME

Tarehe 18 ya mwezi wa 7, mwaka wa 1890, akiwa Stanley Falls, aliandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold. Hakuandika kama mwenye kulia tu. Aliandika kama mtu wa sheria mbele ya tribinali, akipanga mashitaki moja moja.

Alieleza jinsi machifu walivyodanganywa ili watie alama katika karatasi za kutoa inchi yao. Mzungu alificha betri ndani ya koti, na uzi wa umeme ulifika mupaka mkononi mwake. Chifu alipomshika mkono alitetemeka, akadhani kwamba mzungu ana nguvu ya ajabu. Mwingine aliwasha sigara kwa kioo na jua, akasema kwamba jua ni rafiki yake. Vijiji vilitolewa kwa masanduku machache ya pombe kali.

Alisema pia kwamba Leta iliyojisifu kuondoa utumwa ilikuwa yenyewe ikinunua watu. Askari wake walipora chakula cha vijiji. Wafungwa walifungwa minyororo ya ng'ombe shingoni mupaka vidonda. Shule na mahospitali yaliyosifiwa kule Ulaya hakuyaona. Mwisho aliomba mataifa watume watu wa kuchunguza.

Kisha alishuka mupaka Luanda, akamwandikia na presida wa Marekani. Katika mwaka ule, kwa barua nyingine ya serikali, alisema kwamba Leopold anafanya uhalifu juu ya wanadamu wote. Neno lile tulilisikia sana kisha vita ya 1940–1945, katika tribinali ya Nuremberg. Yeye alilitumia miaka 55 mbele yake.

WALIMJIBU NAMNA GANI?

Barua ilichapwa, ikasomwa Ulaya na Marekani. Sasa tutazame majibu. Gazeti moja la Bruxelles lilianza kuuliza: huyu ni nani? Ni Kolonel wa jeshi gani? Madeni yake je? Na mke wake? Rangi yake pia haikusahauliwa. Katika mwezi wa 6, 1891, habari ilifika mupaka bunge la Ubelgiji, na wakubwa wa Leta ya Kongo walitoa ripoti ndefu ya kujitetea.

Mambo yale juu ya maisha yake, mengine yalikuwa ya kweli, tumekwisha kuyasema. Lakini deni la mtu halifungui mnyororo ulio shingoni mwa mfungwa. Waliona ni rahisi kumchunguza mchunguzi kuliko kwenda kuchunguza Kongo.

Na wengine? Wamisionari Waprotestanti waliona mengi, lakini wakati ule wengi wao hawakusema mbele ya watu, maana ruhusa ya kujenga misioni ilitoka kwa Leta. Na George alikuwa peke yake, bila univasite ya kumsimamia, bila kampani ya wenzake.

KUFA KWAKE

Akiwa safarini kurudi, alipita Zanzibar mupaka Misri, na kule Cairo ugonjwa ulimshika. Kifua chake kilikuwa na TB. Alifika Uingereza akitaka kuandika buku kubwa juu ya Kongo, lakini nguvu ziliisha. Alikufa kule Blackpool, tarehe 2 ya mwezi wa 8, 1891, akiwa na miaka 41. Alizikwa pale, na kaburi lake lilikaa bila jina.

Sisi wa Katanga tutazame tarehe ile. Wakati ule inchi yetu ilikuwa bado mkononi mwa Msiri, aliyekaa Bunkeya na kukataa bendera ya Leopold. Kisha kufa kwa Williams haikupita hata miezi 5. Tarehe 20 ya mwezi wa 12, 1891, watu wa Leopold walimuua Msiri. Ile Leta ambayo Williams aliishitaki mutoni ilikuwa imefika kwetu.

WALIOFUATA

Kazi yake haikupotea. Kisha miaka, wengine walisema yale yale. William Sheppard, mmisionari mweusi wa Wapresbiteri kule Kasai, alishitakiwa mwaka wa 1909 mbele ya tribinali ya Léopoldville juu ya makala aliyoandika kuhusu kampani ya mpira. Tribinali ilimwachilia. Mwaka mmoja mbele yake, mwaka wa 1908, Leopold alikuwa amekwisha kunyang'anywa Kongo, ikawa mali ya Ubelgiji.

Na jina la Williams? Lilifufuliwa na mwandishi mwingine mweusi wa historia, profesa John Hope Franklin (1915–2009). Yeye pia aliujua ubaguzi ndani ya kazi. Mwaka wa 1939 alifika katika nyumba ya vyeti vya zamani ya North Carolina. Mkubwa wa pale alimwambia kwamba nyumba ile haikujengwa kwa kumfikiri mtafiti mweusi, angoje siku chache. Walimtengenezea chumba cha peke yake. Wakampa na ufunguo wa kujitolea vyeti, ili watumishi wazungu wasimtumikie mtu mweusi. Basi watafiti wazungu walilalamika: juu ya nini yeye ana ufunguo na sisi hatuna? Ufunguo ukachukuliwa.

Mwaka wa 1945 Franklin aliona mabuku ya Williams katika maktaba, akashangaa kwamba hakuna aliyemfundisha jina lile. Alimtafuta miaka 40, Marekani, Ulaya na Afrika. Alilikuta kaburi kule Blackpool, na mwaka wa 1975 jiwe lenye jina liliwekwa. Buku lake juu ya maisha ya Williams lilitoka mwaka wa 1985, na ndani yake hakuficha makosa yake.

NENO LETU

Sisi tunaokaa Lubumbashi tuna habari kama hizo karibu na mlango. Mji huu ulipoitwa Elisabethville, wazungu walikaa upande wao na weusi upande wao, na katikati palikuwa na uwanja ulioitwa zone neutre. Wazee wengi walioujua wamekwisha kwenda, waliobaki ni wachache. Atakayeandika habari zao asitegemee kupigiwa makofi. Wengine watamuuliza ametumwa na nani, na kwa nini anaamsha mambo ya zamani. Basi aandike kama Williams, kwa jina la mahali, na tarehe, na jina la aliyeona. Na maisha yake mwenyewe ayatengeneze, asiwape maadui kuni.

Ndugu wanafunzi, likizo inakaribia. Kila mmoja amwendee babu, bibi au jirani mzee, amuulize alikaa wapi, alifanya kazi gani, alikatazwa kupita wapi, na mwaka gani. Mwandike katika daftari na kutuletea. Yale yaliyo na tarehe na mahali tutayachapa katika namba zitakazofuata.