Maisha na Ushujaa wa Baharia Doris Miller (1919–1943)

Doris Miller alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1919 huko Waco, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Alikuwa mmoja wa wana wanne wa Connery na Henrietta Miller, watu weusi walioishi kwa kilimo. Tangu utoto alifanya kazi shambani pamoja na ndugu zake, akakua kuwa kijana mwenye kimo kirefu na nguvu nyingi.

Mwezi Septemba 1939 alijiunga na Jeshi la Wanamaji. Katika miaka ile ubaguzi wa rangi ulitawala jeshini. Kijana mweusi aliyeandikishwa aliwekwa katika idara ya chakula, awatumikie maofisa kwa kuandaa meza, kuosha vyombo na kukusanya nguo za kufuliwa. Januari 1940 Miller alipangiwa manowari West Virginia. Humo alikuwa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu, lakini kazi yake ilibaki kuwa ya mezani, wala hakufundishwa kufyatua bunduki kubwa za meli.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Miller alikuwa akikusanya nguo za kufuliwa king'ora kilipolia. Alikimbilia mahali pake pa zamu, akakuta pameharibiwa na kombora. Ndipo akapanda juu na kuanza kuwabeba majeruhi. Kwa sababu ya nguvu zake, aliitwa kusaidia kumhamisha nahodha wa meli, Mervyn Bennion, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya. Nahodha huyo alifariki siku hiyo hiyo.

Baada ya hayo Miller alishika bunduki ya rashasha ya kutungulia ndege, silaha ambayo hakuwa amefunzwa kuitumia. Aliifyatua katikati ya moto na moshi hadi risasi zilipokwisha. Meli ilipokuwa ikizama, aliendelea kuwavuta wenzake kutoka katika maji yaliyojaa mafuta, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuiacha.

Heshima yake ilichelewa. Taarifa za kwanza zilimtaja tu kama baharia mweusi asiye na jina. Jina lake lilijulikana mwezi Machi 1942, baada ya magazeti ya watu weusi kulitafuta kwa bidii. Tarehe 27 Mei 1942, Admirali Chester Nimitz alimvika nishani ya Msalaba wa Jeshi la Wanamaji. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Mwezi Juni mwaka huo jeshi lilianza kuwaandikisha vijana weusi katika kazi nyingine pia, ingawa walitengwa na wenzao weupe. Miller mwenyewe hakutolewa jikoni. Alipandishwa cheo kuwa mpishi.

Akiwa mpishi alisafiri na meli ya kubeba ndege iitwayo Liscome Bay. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1943, karibu na kisiwa cha Butaritari katika nchi ambayo leo ni Kiribati, nyambizi ya Japani iliipiga meli hiyo kwa kombora. Ghala la mabomu lililipuka, na meli ikazama kwa muda usiofikia nusu saa. Zaidi ya watu 640 walikufa. Miller alikuwa na umri wa miaka 24, na mwili wake haukupatikana. Wazazi wake waliarifiwa kwamba hajulikani alipo tarehe 7 Desemba 1943, miaka miwili kamili tangu siku ile ya Pearl Harbor.

Mwaka 1973 meli moja ya kivita yenye jina lake ilianza kutumika. Januari 2020 ilitangazwa kwamba meli kubwa ya kubeba ndege nayo itaitwa Doris Miller. Ni ya kwanza ya aina hiyo kupewa jina la Mmarekani mweusi, na la baharia asiyekuwa ofisa. Yeye aliyezuiwa kushika silaha kwa sababu ya rangi yake alikwisha kuwabeba wenzake mgongoni bila kuuliza rangi zao.